Uzi: Kampala hadi Kisoro na baba, mwanzo wa mvua. Ziwa alilolipita miaka 22 bila kuliona

BintiWaDereva:

Habari zenu wakuu, na shikamooni mlionizidi umri. Niliahidi kwamba nikitoka Kigezi, huko Kabale na Kisoro, nitaandika. Nimerudi Jumapili. Uzi utakuja kwa vipande, maana naandika nikiwa dukani na mteja akiingia naacha.

Kwa wasionijua, mimi mzaliwa wa Mombasa, huu ni mwaka wa kumi na moja niko Kampala, nina kiduka cha vipuri Kisekka. Baba yangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa bandarini hadi Kigali, kuanzia 1983 hadi 2005, ukitoa ile miaka ya vita vya Rwanda, kuanzia Oktoba 1990, ambapo Katuna haikupitika. Malaba, Kampala, Masaka, Mbarara, Kabale, Katuna. Barabara hii anaijua kwa kona zake. Ukimtajia mji anakuuliza, ule ulio baada ya mteremko gani?

Mwezi wa tisa alikuja kunitembelea. Jioni moja tunakunywa chai nikamtajia Bunyonyi. Akaniuliza, "Bunyonyi ndiyo nini?" Nikamwambia ni ziwa, baba, liko Kabale. Akanyamaza, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, Kabale nimelala labda mara mia tatu. Kabale hakuna ziwa."

Lipo. Kutoka mjini ni kama kilomita 8. Ukitoka Kabale kushuka Katuna, safu ya vilima iko mkono wako wa kulia, na ziwa liko nyuma ya hiyo safu. Mkono wa kulia ndiko anakokaa dereva. Kwa hiyo miaka yote hiyo ziwa lilikuwa upande wa dirisha lake mwenyewe, na kilichowatenganisha ni vilima tu. Nilimchorea kwenye karatasi ya risiti. Akaitazama ile karatasi muda mrefu, akaikunja, akaitia mfukoni. Asubuhi nikaanza kutafuta gari la kukodi.

Sasa kuhusu msimu, na hili nalisema kwa uzito wote. Watu karibu wote walinikataza. Wakasema Septemba mvua zinaanza, ngoja Juni, ngoja Julai, ndiyo miezi ya watalii. Mimi Julai nishaenda Kisoro. Nilikaa siku tatu na Muhavura sikuiona, mlima wa mita 4,127 ulio juu ya mji kabisa. Kiangazi kikishakomaa hewa ya kule inajaa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, milima inafifia mpaka inapotea. Mvua za kwanza zikinyesha, vumbi lote linakaa chini. Asubuhi inatoka safi kama sahani iliyooshwa, mpaka kama saa tatu au saa nne, halafu mawingu yanaanza kupanda. Mvua yenyewe mara nyingi inashuka mchana au jioni. Ukiamka mapema umeshinda. Kwa hiyo mwanzo wa mvua, Septemba na Oktoba mwanzoni, msiuogope.

Kipande cha pili kesho.

Mama Twaha:

Dada nimesoma hapo pa risiti nikasimama kidogo. Endelea, tuko nawe. Ila useme pia mzee alihimili vipi, nina mama wa miaka 71 anataka kwenda.

BintiWaDereva:

Nitasema, mama Twaha.

Kampala mpaka Mbarara sitakaa sana, wengi mnaijua. Tulitoka saa kumi na moja alfajiri kukwepa foleni. Mpambire tukawakuta watengeneza ngoma ndiyo wanatoa ngoma zao nje na kuzipanga kando ya barabara. Kayabwe tukapita mstari wa Ikweta bila kusimama, baba hakutaka. Alisema pale amesimama mara nyingi kubadilisha tairi, inatosha. Lukaya alitaka. Kule vijana wanakimbilia gari na gonja, yaani ndizi, za kuchoma, kuku kwenye vijiti, maji. Alinunua gonja mbili, akala moja, ya pili akaishika mkononi mpaka Masaka imepoa.

Lyantonde ndipo aliponiambia niiambie gari isimame. Kwa wageni wa barabara hii, Lyantonde ni mji wa malori. Zamani ulikuwa ndani ya wilaya ya Rakai, ambako ukimwi ulianza kujulikana nchini Uganda mwanzoni mwa miaka ya 1980. Madereva na wenyeji wa vituo hivi waliteketea. Baba hakuwahi kutuhadithia. Pale, amesimama mbele ya nyumba iliyokuwa na baraza la mbao na sasa ni duka la simu, alianza kutaja majina. Wawili walikuwa mataniboi wake, yaani utingo. Mmoja ni yule aliyemfundisha gia za Mack, aliyempa koti la kwanza la baridi. Aliyataja kama mtu anayesoma orodha ya mizigo, polepole, asiruke hata moja. Dereva wetu, kijana wa Rukungiri, alizima redio. Hatukusema kitu mpaka tumefika Sanga, ambako pundamilia wa hifadhi ya Mburo wanakula majani karibu kabisa na lami, na baba akasema, "Hawa walikuwepo."

Mbarara tulikula Biharwe, kilomita chache kabla ya mji. Agizeni eshabwe. Ni mchuzi mweupe wa samli unaopigwa kwa maji na chumvi ya mawe mpaka unakuwa laini, unaliwa baridi na ugali wa ulezi. Mara ya kwanza ulimi unashangaa, ya pili unaelewa. Hapo Biharwe kuna pia mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua mwaka 1520. Wanyankole wanasimulia kwamba mfalme wa Bunyoro alikuwa anarudi na ng'ombe aliowateka, jua likapotea mchana, jeshi likatawanyika na ng'ombe wakabaki. Wataalamu wameitumia hesabu ya lile jua kupatwa kupata tarehe za wafalme wa eneo lote hili. Nilimsimulia baba, akauliza ng'ombe walibaki wangapi. Hilo hakuna aliyeweza kumjibu.

Kyaka Mkongwe:

Bi dada, sisi wa Kagera tunapitia Mutukula na kutokea Masaka, hiyo barabara yote tunaifahamu. Swali, vitambulisho vya taifa vinakubalika sasa? Nasikia Wakenya wanavuka na kitambulisho tu.

BintiWaDereva:

Shikamoo mzee Kyaka. Makubaliano ya kuvuka kwa kitambulisho ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Mtanzania njoo na pasipoti, au ile hati ya safari ya muda. Chukua na kadi ya homa ya manjano.

Ughaibuni:

Mimi niko Ujerumani kusini. Huku Oktoba watu wanaacha kazi wanaendesha kwenda milimani kuangalia majani yakigeuka rangi, mekundu na manjano, wanalala kwenye vimji vidogo na kunywa mvinyo mpya. Nikawa najiuliza, kwetu hakuna majira ya majani kupukutika, mtu anaenda kuangalia nini hasa?

BintiWaDereva:

Swali zuri sana ndugu yangu, na nina jibu lake.

Kwetu rangi haziko juu ya miti, ziko ardhini. Ukishapita Ntungamo barabara inaanza kupanda, na ukifika Muhanga umeingia Kigezi. Kila mlima umekatwa matuta kuanzia chini mpaka kileleni, kama mtu aliyepanga mikeka kwenye ngazi. Septemba hiyo mikeka kila mmoja una rangi yake. Hapa udongo mwekundu uliolimwa jana, bado umelowa. Juu yake mabua ya mtama uliovunwa, rangi ya dhahabu iliyochakaa. Pembeni kijani kibichi cha maharage yaliyochipua wiki iliyopita, kisha kijani kizito cha viazi, kisha mstari mweusi wa shamba lililochomwa. Halafu mikaratusi kwenye ukingo, na ukungu umekaa bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Majani hayapukutiki, ila mlima mzima unabadilishwa nguo kwa jembe. Na walioshika hayo majembe wapo, unawaona. Kona moja kabla ya Kabale tuliona wanawake sita wamesimama mstari mmoja kwenye mteremko ambao mimi ningeogopa kuutambaa. Wanachimba kuelekea juu, na magugu wanayong'oa wanayalaza kwenye ukingo wa tuta ili yazuie udongo mvua ikija. Mmoja ana mtoto mgongoni. Aliponyoosha mgongo akatupungia jembe.

Kwenye huu mpando ndipo nilipomtazama baba. Amekaa kiti cha abiria, kushoto, mahali ambapo kwenye barabara hii hajawahi kukaa. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga zulia kila kona. Mteremko ukianza, mkono unaenda katikati kutafuta gia. Nadhani hata hakujua. Baada ya muda dereva wetu akaanza kumuuliza, "Mzee, hapa ulikuwa unaingia na gia ya ngapi?" Na baba anamjibu kwa heshima, kama fundi na mwanafunzi, kona kwa kona, mpaka tumeingia mjini. Huyo kijana Mungu ambariki.

Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku joto linaweza kushuka hadi nyuzi 10, kwa hiyo mama Twaha, sweta mbili kwa mama, soksi, na kofia ya sufu. Nyumba tuliyoweka nafasi kwa simu na kutuma fedha tulikuta chumba cha baba amepewa mtu mwingine, na mhudumu hajui lolote. Siitaji jina. Nilikasirika sana kwa sababu ya mzee na ile baridi. Tukapata pengine, chumba safi na maji ya moto kwenye beseni. Ushauri wangu ni kwamba siku mnayosafiri pigeni simu tena, na wazee waulizieni chumba cha chini.

Asubuhi kabla ya ziwa, baba alitaka bushera. Ni kinywaji cha mtama, rangi ya kahawia yenye uwekundu, kizito, kina chenga zinazobaki kwenye meno. Kuna kitamu kisichochacha wanachonywa hata watoto, na kuna kilichochacha. Karibu na maegesho ya zamani ya malori tulimkuta bibi ana jagi na vikombe vya plastiki. Nikamwamkia kwa Kirukiga changu kibovu, "Agandi, nyabo." Akanijibu, akamtazama baba, akatazama namna alivyosimama, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, "Dereva. Karibu, kaa." Hatukuwa tumemwambia lolote. Baba alikaa, akanywa vikombe viwili, na wakazungumza habari za mizani, bei ya dizeli ya zamani na mvua kwa nusu saa.

Mtoto wa Mbale:

Uzi mtamu. Ila usisahau na mashariki kuna milima! Sipi, Kapchorwa, Mlima Elgon wenye mita 4,321. Yale maporomoko makubwa ya Sipi yanashuka kama mita 100, na kahawa unaiona inavunwa, inakobolewa na kukaangwa kwenye uwanja mmoja. Kapchorwa ndiko kwao wanariadha Cheptegei na Kiprotich, asubuhi unaona watoto wanakimbia kwenda shule kama wanafukuzwa.

BintiWaDereva:

Sijaisahau ndugu, na Sipi kwa mtu mwenye siku mbili tu kutoka Kampala ni rahisi kuliko Kisoro. Ila Elgon unaitembelea, Kigezi unaipita ndani yake, mji hadi mji, na mimi napenda hivyo zaidi. Fungua uzi wako nitakuja kusoma.

Ziwa sasa.

Kutoka Kabale unaacha lami ya Kisoro na kupanda. Barabara nyembamba, machimbo ya mawe pembeni, watu wanaponda kokoto kwa nyundo. Unapanda, unapanda, hujaona kitu. Halafu unafika mgongoni mwa kilima na ardhi inakatika. Chini kuna maji yamejipinda kati ya vilima kama mto uliosahau kwenda, na visiwa 29 vimetapakaa ndani yake, vingine vina shamba, vingine vina miti mitatu tu. Ni bonde la kale lililozibwa na lava ya volkano, maji yakajaa, ndiyo maana kingo zake ni ndefu na zimeingia kila mkono wa bonde.

Baba aliteremka garini. Alitoa ile risiti mfukoni, akaifungua. Akatazama ziwa, akatazama nyuma tulikotoka, akanyoosha mkono kuonyesha upande wa kusini mashariki. "Katuna iko kule," akasema. Alikuwa sahihi. Akauliza, "Na watu wa hapa, walikuwa wanatusikia?" Anamaanisha malori, honi, injini usiku. Nahodha wa mtumbwi tuliyempata Rutinda, mzee kama yeye, alisema hapana, milima inazuia. Baba akatikisa kichwa. Sijui kwa nini jibu hilo lilimgusa kiasi kile.

Chukueni mtumbwi wa mti mmoja, wa kupiga kasia, msichukue boti ya injini. Mtumbwi ni gogo la mkaratusi lililochongwa, una harufu ya maji na moshi, na ukikaa chini kabisa mkono wako unagusa ziwa. Maji ni meusi na baridi. Wenyeji wanaogelea bila wasiwasi, hakuna mamba wala kiboko, na wanasema hakuna kichocho. Ndege ndio wenye mahali, hata jina la Bunyonyi maana yake ni pahali pa vindege vidogo.

Tulipita karibu na Akampene. Ni kisiwa kidogo sana, nyasi na mti mmoja mkavu. Hapo zamani msichana aliyepata mimba kabla ya ndoa aliachwa afe kwa njaa au azame akijaribu kuogelea. Asiye na ng'ombe wa mahari angeweza kuja na mtumbwi kumchukua awe mke wake. Nahodha alipunguza kasia akasimulia bila kuongeza chumvi. Mimi nina binti wa miaka kumi na sita. Niliomba tusikae pale. Mbele kuna Bwama, ambako daktari Mwingereza, Leonard Sharp, alianzisha kituo cha wagonjwa wa ukoma miaka ya 1930. Watu waliokataliwa nchi kavu walilima, walioana na walitibiwa kisiwani humo kwa miongo kadhaa, mpaka dawa zilipofanya kituo kisihitajike. Leo ni shule. Tulipopita watoto walikuwa wanavuka kwa mitumbwi na mabegi mgongoni, wawili wanapiga kasia, wengine wanasoma.

Mkirudi ufukweni kuleni kamba wa ziwani na viazi. Hawa kamba si wa asili hapa, waliletwa, sasa ndio chakula cha wageni. Mwana wa Mombasa nimelelewa na kamba wa baharini, na hawa nimewakubali.

Mfumbira Halisi:

Dada umefika kwetu Kisoro? Tunasubiri. Na tafadhali usiseme Kisoro ni Kabale, watu wanafanya hivyo sana.

BintiWaDereva:

Siwezi kukosea hivyo ndugu Mfumbira, nyinyi mna lugha yenu na milima yenu. Nisahihishe nikiteleza.

Kabale hadi Kisoro ni kama kilomita 80. Siku za baba ilikuwa udongo, na madereva wa Kigali waliisikia kwa sifa mbaya tu, lori likiteleza huko linatafutwa bondeni. Leo ni lami, ila kona ni zilezile. Tuliondoka saa kumi na nusu usiku kwa makusudi. Hamurwa tulipita gizani, Muko tukaona taa mbili tatu na maji ya mwisho wa ziwa yaking'aa. Baada ya hapo barabara inaingia msitu wa Echuya. Mianzi imesimama pande zote mbili, imeinamiana, ukungu unapita katikati kama watu wanaovuka. Vioo vilijaa maji kwa ndani. Baba akaomba tufungue dirisha, akasema anataka kusikia, na kweli mianzi inalia ikisuguana.

Saa kumi na mbili na nusu tukatokea Kanaba. Hapa ndipo mlima unapoisha na unaona chini bonde lote la Kisoro. Jua bado. Tuliona kijivu tu na taa za mji. Dereva akasema tusubiri. Baba akamwambia, "Zima injini." Akatafuta jiwe akakaa, mikono kwenye mapaja.

Kwanza ilijitokeza kushoto ncha moja, nyeusi, pembetatu kamili kama iliyochorwa na mtoto. Muhavura. Halafu rangi ya waridi ikaanza kushuka kutoka kwenye ncha ile kwenda chini, taratibu, mpaka ikafika mabegani, na pembeni yake ikaonekana Gahinga, fupi, kichwa bapa. Halafu kulia Sabinyo, yenye meno yaliyong'oka. Mbali zaidi, upande wa Kongo, kulikuwa na vivuli vingine vya milima ambavyo sikuweza kuvihesabu. Wingu hakuna hata moja. Usiku uliopita mvua ilinyesha saa tatu mfululizo, na vumbi lote lilikuwa limelala. Baba alihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu. Akahesabu tena. Tulikaa pale mpaka saa mbili na robo, wauza viazi wakapita na baiskeli za kusukuma, wakatuamkia, na tukaona kwa macho yetu wingu la kwanza likizaliwa kwenye bega la Muhavura na kuanza kuvimba. Saa nne tukiwa mjini milima yote mitatu ilikuwa imefunikwa. Kuna kundi la wageni walifika Kanaba saa tano kwenye gari zuri sana. Niliumia kwa ajili yao.

Mfumbira Halisi:

Umeandika vizuri. Niongeze maana ya majina. Muhavura ni kama kusema kiongoza njia, wa kale walikuwa wanauangalia ili wasipotee. Sabinyo ni baba wa meno, na kilele chake ndipo Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Gahinga ni rundo la mawe, yale tunayokusanya mashambani ili tupate pa kulima.

BintiWaDereva:

Asante sana. Na hayo mawe niliyashika. Meusi, mepesi kuliko unavyotarajia, yana vitundu kama mkate. Mashamba yote kuelekea Mgahinga yamezungushiwa kuta za mawe hayo, na katikati ya shamba la viazi unakuta rundo refu kuliko mtu, vizazi na vizazi vya kuokota.

Kilichonifurahisha Kisoro kuliko nilivyotarajia ni Kiswahili. Kampala, wote mnajua, mtu mzima ukimsemesha Kiswahili anaweza kukunja uso. Kwa kizazi kizima ilikuwa lugha ya askari waliogonga mlango usiku, na siwalaumu. Serikali imekipitisha kuwa lugha rasmi, baraza la mawaziri likasema kifundishwe shuleni mwaka 2022, lakini moyo hauendi kwa tangazo. Kisoro, jirani na Bunagana, ni lugha ya kununua na kuuza. Sokoni mama mwenye viazi alituita, "Kuya hapa mama, kila kitu iko, mzee akae kivulini!" Kina ladha ya Kongo, na kilinipendeza. Baba, ambaye tangu Mbarara alikuwa anategemea mimi nimtafsirie, alifunguka. Alinunua viazi gunia zima. Hatukuwa na mahali pa kuliweka. Tulirudi nalo Kampala miguuni.

Jioni tulikaa ziwa Mutanda, volkano zimesimama juu ya maji wingu lilipofunguka kwa dakika kumi. Kesho yake mimi nilikwenda hifadhi ya Mgahinga, baba alibaki kwa ajili ya magoti. Nilichagua matembezi ya Batwa, yanayoongozwa na wenyewe mpaka pango la Garama. Hifadhi ilipotangazwa mwaka 1991 Batwa walitolewa msituni, mahali walipokuwa wakiishi kabla ya wakulima na wafugaji kufika, na wengi mpaka leo hawana ardhi ya kusimamisha kibanda. Mwongoza njia alituonyesha dawa, asali, mtego. Mwishoni, ndani ya pango, giza tupu, waliimba. Mimi ni mtu wa vipuri, sina maneno ya kueleza ile sauti. Mkienda lipeni hayo matembezi, na mkitoka nunueni kitu mkononi mwao wenyewe, msikinunue mjini.

Mama Twaha:

Na usalama wa huko mpakani? Na gorila, bei si ndiyo ile ya kutisha?

BintiWaDereva:

Bunagana upande wa Kongo ilitekwa na waasi wa M23 mwezi Juni 2022, na wakimbizi wengi waliingia Kisoro. Mjini Kisoro sisi tulikuwa salama, tulitembea mpaka usiku. Ila mpakani msiende kushangaa, na kabla ya safari ulizeni mtu aliyeko kule wiki hiyohiyo.

Gorila, mgeni wa kutoka mbali analipa dola 800 tangu Julai 2024. Raia wa Afrika Mashariki ni shilingi 300,000 za Uganda. Wengi wetu tunaisikia ile ya dola tunakata tamaa, kumbe siyo yetu. Mimi sikwenda safari hii, kwa mama wa miaka 71 pia sishauri, kupanda ni kugumu. Mpeleke Kanaba, mpeleke ziwani. Safari igawe siku mbili, lala Mbarara. Baba alihimili vizuri, alichoka siku ya kurudi tu.

Kyaka Mkongwe:

Swali la mwisho toka kwangu. Mimi nitapanda basi, sina uwezo wa gari la kukodi. Kabale kwenda Kisoro nikae upande gani?

BintiWaDereva:

Kushoto, mzee wangu, dirishani. Ziwa litakuwa upande huo mpaka Muko, na Kanaba Muhavura inatokea upande huohuo. Chukua basi la kwanza la asubuhi. Nilimpigia baba simu sasa hivi nihakikishe, yuko Changamwe tayari. Amesema mwambie kushoto, na amwombe kondakta afute kioo.